Jumamosi, Ghorofa ya Nne

Saa nne kamili nafungua mlango,
natandaza vijitabu, nawasha taa zote, hata za kabatini.
Bei haiandikwi. Anayeuliza bei, tulifundishwa kazini,
huyo amekuja kuota moto wa jirani.

Hapa Antwerp, gatini, hili lilikuwa ghala la kahawa.
Nalisema hilo mapema, kwa sauti ya chini,
kama mtu anayemtaja marehemu aliyeacha mali.
Matofali ni yaleyale, yamesuguliwa
hadi yakawa kama shavu la mtoto aliyetoka kuoga.
Nguzo za chuma ni zilezile, na kutu yake ni ya kweli;
tumeipaka vanishi isiendelee.
Kioo cha dirisha ni kile cha faragha:
wewe unaona mto mzima, mto haukuoni.
Na chini, zilipofungwa meli, zimefungwa boti nyeupe
zenye majina ya wake wa kwanza.

Mama Godelieve huja saa nne na robo.
Koti lilelile la bluu, kifungo kimoja si cha ukoo wa wenzake.
Viatu huvivua mlangoni bila kuambiwa.
Mara ya kwanza nilimdhania mjane wa mwenye meli,
nikamtengea kahawa. Akainusa, akairudisha mezani.
Mara ya tatu nilijua hanunui.
Mara ya tano nikasahau kujali.

Jiko halitazami, wala bafu la marumaru.
Huenda moja kwa moja kwenye nguzo ya tatu,
akapapasa upande wa nyuma, chini kidogo ya bega langu.
"Fons alikuwa mfupi," alisema leo, kana kwamba nimeuliza.
Pale pana mikato saba.
Jana tu nilimwambia daktari wa meno kutoka Ghent
kwamba ni alama ya wahunzi, saba kwa siku za juma.
Akapiga picha.
"Ni magunia," akasema Mama Godelieve.
"Kila lililompasukia begani.
Msimamizi akikata mshahara, Fons anakata chuma."

Wakaingia mume na mke, vijana, wananukia mvua na ngozi mpya.
Mke akafumba macho: je, harufu ya kahawa bado ipo?
Nikaanza kueleza kile kifaa cha ukutani,
unachagua, kahawa au kitani au msitu,
mama akacheka.
"Kahawa mbichi hainuki kahawa," akawaambia.
"Ilinuka magunia. Na panya."

Funika kombe, nilijiambia, funika upesi,
lakini mume alikwisha kumgeukia:
"Kwa hiyo ulifanya kazi humu, bibi?"

"Mimi? Nilileta chakula.
Mwanamke hakuruhusiwa kupita ngazi ya kwanza.
Nilisimama pale, palipo na ule mti wa ndani ya chungu,
na kopo la supu limefungwa kwa skafu,
naye anapunga mkono kutoka tundu la winchi.
Miaka kumi na tisa.
Ghorofa ya nne nimeijua mwezi huu."

Kisha akaenda dirishani, na soksi zake,
akaegemeza paji la uso kwenye kioo
ambacho hakitakiwi kuguswa.
Chini msichana alikuwa akihangaika na baiskeli, mnyororo umetoka.
Alimtazama muda mrefu.
"Kumbe nilikuwa mdogo hivi," akasema,
na hakusema nasi.

Jumanne wale vijana walilipa.
Kwenye orodha ya marekebisho wameandika:
nguzo ya tatu, isawazishwe.
Nimeisoma mara mbili. Nimeweka sahihi;
chumba changu kiko ng'ambo ya reli, na kodi ni tarehe moja.

Nilizima taa, za kabatini kwanza.
Nje nikasimama karibu na ule mti wa chungu,
nikahesabu madirisha, moja, mbili, tatu,
la nne.
Mawingu tu.
Nikapunga mkono hata hivyo, kidogo,
kama mtu anayefukuza nzi.